Nimuombe mtakatifu yupi, na upasuaji niuache?

Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimefunga ndoa kanisani na huu ni mwaka wa nane. Naishi Mwanza. Sina mtoto. Mimba mbili zimeharibika, zote kabla ya mwezi wa nne. Kwa miaka mitatu sasa hedhi yangu imekuwa mateso: inaenda siku tisa hadi kumi, inatoka na mabonge, na kiuno kinauma mpaka nalala chini. Jumapili nakaa benchi la nyuma kabisa nikiwa nimejifunga kanga mbili za rangi ya giza, na wakati wa Komunyo naogopa kusimama.

Nilipiga ultrasaundi, daktari akaniambia nina uvimbe kwenye kizazi, mmoja mkubwa na vingine vidogo vidogo. Alitaka anipangie upasuaji. Nikamwambia nitarudi. Sijarudi.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, ninayemheshimu sana, ameniambia kila ugonjwa una mtakatifu wake na kwamba siku zote nimekuwa nikimwomba asiyehusika. Nilikuwa namwomba Mtakatifu Anna. Yeye akasema ni Gerardo. Mwingine akasema ni Rita. Sasa nina novena nne kwa wakati mmoja, nikikosa siku moja naanza upya, nachanganyikiwa. Mama huyo anasema nikikubali kisu kabla sijamaliza novena nitakuwa nimemwonyesha Mungu kuwa simwamini. Ameniletea na chupa ya miti shamba ya kusafisha kizazi. Dada yangu, ambaye siku hizi anasali na walokole, anasema tatizo ni hao watakatifu wenyewe, kwamba naomba wafu. Mama mkwe ameanza kumwambia mume wangu atafute wa kumzalia. Mume wangu ni mtu mwema, lakini amenyamaza.

Shangazi, nimuombe nani? Na upasuaji niufanyeje?

Niliyechoka, Mwanza

 Binti yangu,

Nianze na jibu, maana umelingoja vya kutosha. Rudi hospitali wiki hii. Na mtakatifu wa kwenda naye ni Gianna Beretta Molla. Ukishajua alikuwa nani, utaona kwamba maswali yako mawili yana jibu moja.

Gianna alizaliwa Magenta, karibu na Milano nchini Italia, tarehe 4 Oktoba 1922. Alisomea udaktari, mwaka 1950 akafungua zahanati katika mji mdogo wa Mesero, kisha akabobea katika magonjwa ya watoto. Mwaka 1955 aliolewa na mhandisi aitwaye Pietro Molla, wakapata watoto watatu. Mwaka 1961, mimba ya mtoto wa nne ikiwa na miezi miwili, madaktari waligundua ana uvimbe kwenye kizazi. Ni uvimbe wa kizazi, kama huo daktari aliokuambia unao.

Alikuwa na njia za kuchagua: kuondoa kizazi kizima pamoja na mimba, kutoa mimba, au kuondoa uvimbe peke yake na kuiacha mimba iendelee, njia ambayo ilikuwa na hatari kwake. Alimwomba daktari aondoe uvimbe na amlinde mtoto. Akapasuliwa, uvimbe ukatoka, mimba ikaendelea. Tarehe 21 Aprili 1962 alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Wiki moja baadaye, tarehe 28 Aprili, alifariki kwa maambukizi ya tumboni akiwa na miaka 39. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 16 Mei 2004, na mumewe alikuwepo uwanjani pale Roma pamoja na yule binti, ambaye naye alikuja kuwa daktari.

Wengi wakisimulia habari hii husimama kwenye kifo. Mimi nataka usimame kwenye chumba cha upasuaji. Huyu alikuwa mwanamke wa Misa na rozari, na alikuwa daktari. Alipoambiwa ana uvimbe alisali, akaomba wengine wamwombee, kisha akapanda kitandani akapasuliwa. Hakuona hata kidogo kwamba kisu kinaifuta sala. Kama upasuaji ni kukosa imani, Kanisa lisingemweka altareni mwanamke aliyepasuliwa uvimbe wa kizazi.

Wala usiogope kwamba kumfuata yeye ni kwenda kufa. Gianna alikuwa mjamzito, na uamuzi wake ulikuwa mzito kuliko wako. Wewe huna mimba sasa. Kuondoa uvimbe wa kizazi kwa mwanamke asiye mjamzito ni kazi ambayo madaktari wa magonjwa ya wanawake huifanya mara kwa mara, hata katika hospitali kadhaa zinazoendeshwa na Kanisa letu hapa nchini.

Kuna jambo jingine kuhusu Gianna ambalo akina mama wengi hawalijui. Miujiza miwili iliyochunguzwa kabla ya kutangazwa mwenyeheri mwaka 1994 na mtakatifu mwaka 2004 ilitokea Brazili, na yote miwili inahusu uzazi. Mmoja ni wa mama aliyepata fistula baada ya kujifungua mtoto mfu. Mwingine ni wa mama ambaye maji yote ya uzazi yalitoka mimba ikiwa na wiki 16, naye akafika mpaka kujifungua mtoto mzima. Wanawake hao wawili hawakuponea mafichoni. Walikuwa mikononi mwa madaktari, na Roma ilichunguza rekodi za madaktari hao.

Sasa nikujibu lile la mtakatifu asiyehusika. Mbinguni si kama hospitali ya rufaa, ambako ukipanga foleni kwenye dirisha lisilo lako unarudishwa nyuma. Usimamizi wa watakatifu juu ya maradhi mara nyingi haukuanza na hati ya Roma. Ulianza na wagonjwa wenyewe, waliosikia maisha ya mtakatifu wakasema: huyu anayajua haya yangu.

Agatha alikuwa binti wa Catania, kisiwani Sicilia, aliyeuawa karibu mwaka 251 wakati wa dhuluma ya Kaisari Desio. Mapokeo yanasema watesi wake walimkata matiti. Ndiyo maana wanawake wenye maradhi ya matiti, saratani ikiwemo, humkimbilia, na sikukuu yake ni tarehe 5 Februari. Gerardo Majella alikuwa bruda wa Waredentori kusini mwa Italia, aliyefariki mwaka 1755 akiwa na miaka 29. Inasimuliwa kwamba aliacha leso yake kwenye nyumba moja, na binti wa nyumba ile alipomkimbilia ili amrudishie, akamwambia aitunze, ipo siku itamfaa. Miaka ikapita, binti akaolewa, akashikwa na uchungu mbaya wa uzazi, akaikumbuka leso ile, akapona yeye na mtoto. Tangu hapo wajawazito wamemfanya wao. Na huyo Anna uliyeambiwa umekosea kumwomba, Biblia haimtaji hata mara moja. Habari zake ziko katika maandishi ya karne ya 2 yanayojulikana kama Injili ya Yakobo. Humo mumewe Yoakimu anakataliwa kutoa sadaka kwa sababu hana mtoto, na Anna anasutwa na mjakazi wake mwenyewe. Wewe unayesutwa ukweni, nani kakwambia Anna hahusiki?

Tunao pia wa bara letu. Perpetua na Felisita waliuawa Karthago, katika Tunisia ya leo, tarehe 7 Machi 203. Perpetua alikuwa mwanamke wa miaka kama 22 aliyekuwa akinyonyesha, na gerezani aliandika habari zake mwenyewe: hofu ya kutenganishwa na mtoto, na faraja yake siku mtoto alipoacha kulilia titi na maziwa hayakumletea uvimbe wala maumivu. Felisita alikuwa mtumwa mwenye mimba ya miezi minane. Alijifungua mle gerezani, na mlinzi mmoja akamcheka kwa kulia na uchungu. Miaka zaidi ya 1,800 imepita, na majina ya wanawake hawa wawili, pamoja na Agatha, bado yanatajwa katika Sala ya Ekaristi ya kwanza. Kanisa halijawahi kuona aibu kutaja matiti, maziwa, mimba na uchungu mbele ya altare. Aibu hiyo tumeileta wenyewe.

Kwa hiyo mwombe yeyote kati yao. Ila chagua mmoja, ukae naye. Novena nne zinazokwenda kwa pamoja, ukikosa siku moja unaanza upya kwa hofu, zimeacha kuwa sala. Katekisimu ya Kanisa, namba 2111, inafundisha kwamba anayedhani sala inafanya kazi kwa kutimiza tu maneno na hesabu, bila moyo, ameingia katika ushirikina. Siku tisa za novena zinatukumbusha zile ambazo mitume na Bikira Maria walikaa wakisali, kutoka Kupaa kwa Bwana hadi Pentekoste. Ukiipoteza siku ya tano, endelea na ya sita, hakuna anayekupigia faini. Na ujumbe wowote wa simu unaokutisha kwamba usipousambaza kwa watu kadhaa utapatwa na mabaya, ufute, hata kama juu yake kuna picha ya Mama Maria.

Najua mama wa jumuiya anaweza kukutolea hoja moja yenye nguvu: mbona Agatha mwenyewe alikataa dawa? Ni kweli, masimulizi yake yanasema hivyo. Mzee mmoja alimtokea gerezani ili amtibu, Agatha akajibu kwamba mwili wake haujapata kuguswa na dawa ya dunia, na yule mzee akajitambulisha kuwa ni Mtume Petro, akamponya. Lakini masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, tena yanamhusu mfungwa wa imani aliyekuwa akingoja kuuawa. Wewe umepewa nafasi ya kutibiwa. Kanisa halikulifanya jibu la Agatha kuwa sheria ya wagonjwa. Kanisa hilohilo linawaheshimu Kosma na Damiano, matabibu waliotibu watu bila kudai malipo, na Luka, ambaye Paulo anamtaja katika barua kwa Wakolosai kuwa tabibu mpendwa.

Fungua Biblia yako, kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Inafundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zimetoka ardhini kwa uwezo wake Mungu, mtu mwenye akili hazidharau. Sura hiyohiyo inamwambia mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi. Mwaka 2000 Roma ilitoa maelekezo juu ya sala za kuomba uponyaji, yakiwa na sahihi ya Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI. Yanasema waziwazi kwamba kusali hakukatazi kutumia tiba, bali kunamhimiza mtu aitumie. Na hata Lurdi, ambako Bernadetta alitokewa na Bikira Maria mwaka 1858, kuna ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883. Maelfu ya watu wamedai kuponywa pale, na Kanisa limetambua kuwa miujiza visa vinavyozidi 70 kidogo tu. Anayedai amepona anaulizwa kwanza: faili lako la hospitali liko wapi?

Basi, huyo anayekwambia uchague kati ya novena na daktari hafundishi Ukatoliki. Mpende, msalimie, kaa naye jumuiyani, lakini kwenye hili usimtii. Ile chupa ya miti shamba nayo iache, na umwambie daktari kwamba umeinywa na kwa muda gani. Baadhi ya dawa za aina hiyo huathiri ini, nyingine huongeza kutoka damu, na daktari wa usingizi anahitaji kujua kabla hajakulaza.

Nije kwenye benchi lako la nyuma, maana hapo ndipo barua yako iliponichoma. Marko, sura ya 5, anamleta mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Alikuwa ameteseka kwa matabibu wengi, amemaliza mali yake yote, na hali ilizidi kuwa mbaya. Kuna wahubiri wanaoutumia mstari huo kuwatukana madaktari, lakini Yesu hamlaumu mama huyu hata kwa neno moja kwa kuwaendea. Tazama alichofanya mwanamke mwenyewe. Kwa sheria ya Walawi, sura ya 15, damu ile ilimfanya najisi, na kila aliyemgusa alinajisika. Hakutakiwa kuwa katikati ya umati. Akaingia. Akapenya mpaka akaligusa vazi. Na Yesu hakumwacha aondoke kimyakimya. Alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, mpaka mama yule akasema ukweli wote mbele ya watu. Hakutaka kumwaibisha. Kijiji kilikuwa kimemhesabu najisi kwa miaka 12, sasa kijiji hichohicho kilitakiwa kisikie kwamba amepona, na kwamba anaitwa binti.

Injili haikutupa jina lake, ingawa mapokeo ya baadaye yalimwita Veronika. Mwombe huyu pia. Lakini zaidi ya kumwomba, mwige: sema ukweli wote. Mweleze daktari kuhusu mabonge, siku kumi, kanga mbili, kizunguzungu kama kipo. Mwambie na kuhusu mimba zilizoharibika. Mficha maradhi kilio humfichua. Wanawake wengi huishi na damu nyingi kupita kiasi kwa miaka wakidhani ndivyo alivyoumbwa mwanamke, mpaka damu inapungua mwilini na moyo unaanza kudunda kwa kupanda ngazi chache tu.

Uvimbe huu wenyewe, nikueleze kwa kifupi. Unaota kwenye misuli ya kizazi. Si saratani, na ni nadra sana kuwa saratani. Wanawake weusi huupata kwa wingi na mapema kuliko wengine. Wengi wanao na hawajui, na wasiosumbuliwa hawahitaji kupasuliwa. Unaosumbua ni ule mkubwa, au ule ulioota kwa ndani mahali mimba inapojishika. Huo unaweza kuleta damu nyingi, maumivu, na wakati mwingine kuharibika kwa mimba. Zipo dawa za kupunguza damu, upo upasuaji wa kuondoa uvimbe tu na kukiacha kizazi, na upo wa kuondoa kizazi chote. Kwa mwanamke anayetaka mtoto, kwa kawaida ule wa kuacha kizazi ndio unaozungumzwa kwanza.

Ukirudi kwa daktari, nenda na maswali yameandikwa. Uvimbe uko wapi na una ukubwa gani? Je, damu yangu inatosha kupasuliwa, au nianze na vidonge vya madini ya chuma? Mtaondoa uvimbe tu, au kuna uwezekano wa kuondoa kizazi, na kama upo, mtaniambia kabla? Nikipona, nikae miezi mingapi kabla ya kubeba mimba, na je, nitalazimika kujifungua kwa upasuaji? Bima yangu inalipa nini? Na kwa kuwa mimba mbili zimeharibika, mimi na mume wangu tupime nini kingine? Ikitokea ukajaza pedi moja kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukahisi kuzimia, hapo usingoje tarehe. Nenda siku hiyohiyo, hata iwe usiku.

Kama una wasiwasi kwamba Kanisa linakataza kuguswa kwa kizazi, ondoa wasiwasi huo. Katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, Papa Paulo VI alifundisha kwamba tiba inayohitajika kweli kuponya ugonjwa wa mwili si kosa, hata ikiwa matokeo yake ni kuzuia uzazi, ilimradi kuzuia uzazi siko lengo lenyewe.

Kuhusu dada yako, usigombane naye. Mwambie hivi: unapomwomba yeye akuombee kanisani kwake, humwabudu. Sisi tunawaomba watakatifu watuombee kwa njia hiyohiyo, tukiamini kwamba waliokufa katika Kristo wako hai kwake. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na Mtaguso wa pili wa Nisea ulilisema hilo mwaka 787. Halafu mwombe aje akae nawe wodini. Mtakuwa na jambo kubwa zaidi la kufanya pamoja.

Kuhusu mume wako, ukimya wake ndio unaompa mama yake nafasi ya kusema. Mketishe chini, msomee 1 Samweli sura ya 1. Hana alikuwa hana mtoto, mke mwenzake Penina akimchokoza mwaka hadi mwaka, na hata kuhani Eli alipomwona akisali kwa midomo tu alidhani amelewa. Unaona kwamba hata watu wa hekaluni waliwahi kumkosea mwanamke mwenye uchungu? Lakini Elkana, mumewe, alisema naye, akamfariji. Mume wako aseme. Amwambie mama yake kwamba mke wake ni mgonjwa, anatibiwa, na habari ya mke mwingine haitazungumzwa nyumbani kwenu. Na akapime pia. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume naye huwa na tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Wewe umeshika mimba mara mbili, hakuna mwenye haki ya kukuita tasa.

Sitakudanganya kwamba ukipasuliwa utapata mtoto, wala kwamba ukimwomba Gianna utapata. Uvimbe unaweza kurudi, na mimba ina mambo mengi. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba damu inayokumaliza ina tiba, na kwamba ndoa yako ya kanisani ni ndoa kamili leo, ukiwa na mtoto au bila mtoto.

Sasa ratiba yako ya sala. Ukishapewa tarehe, hesabu siku tisa nyuma, uanze novena ya Gianna ili iishe siku moja kabla ya upasuaji. Mwone paroko, umwombe Mpako wa Wagonjwa. Wengi wetu bado tunadhani ni sakramenti ya mtu anayekata roho, kumbe Katekisimu, namba 1515, inasema inafaa kupokelewa kabla ya upasuaji mkubwa. Barua ya Yakobo, sura ya 5, inamwambia mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Na Jumapili sogea mbele. Kama damu imezidi, ubaki nyumbani bila hatia, maana mgonjwa hatendi dhambi kwa kukosa Misa, na Komunyo wanaweza kukuletea.

Kwa wasomaji wengine walioniandikia swali kama hili, nawajibu hapa kwa pamoja. Mwenye uvimbe kwenye titi, mwombe Agatha, ukapimwe wiki hii, usingoje uume. Mjamzito, mshike Gerardo na kadi yako ya kliniki. Anayetafuta mtoto ana Anna na Elizabeti, mama wa Yohane Mbatizaji. Mwenye saratani ana Peregrino Laziosi wa Forlì, aliyefariki mwaka 1345, mapokeo yakisema aliponywa kidonda cha mguu usiku wa kuamkia siku ya kukatwa. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kipimo cha mapema kipo, na chanjo ya mabinti ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, wapelekeni. Anayevuja mkojo baada ya uzazi mgumu, hiyo ni fistula, inatibika, na Tanzania zipo hospitali zinazoitibu bure. Na aliyezaa akajikuta analia kila siku, hamtaki mtoto, amwombe Dymphna, na aende kwa daktari wa akili. Mjini Geel, Ubelgiji, anakoheshimiwa Dymphna, wenyeji walianza tangu zama za kati kuwapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao na kuishi nao, na desturi hiyo ipo mpaka leo. Ibada ya kweli kwa mtakatifu huishia kwenye huduma kwa mgonjwa.

Rudi hospitali wiki hii, binti yangu, na uniandikie tarehe uliyopewa. Na ninyi akina mama wa jumuiya mnaosoma safu hii, nawaomba: upasuaji huhitaji damu, na hospitali zetu huomba ndugu wajitokeze kuchangia. Mgonjwa wa kizazi akija kwenu, mwombeeni, mchangieni nauli na damu, mumpikie uji wodini. Uamuzi wa kisu mwachieni yeye na daktari wake.